Ufagio wa Magna

Jumatatu nilifika kwa Magna saa tano kamili asubuhi, kama nilivyofika kila siku tangu nilipostaafu, nikakuta ufagio umeegemezwa mlangoni. Ni ufagio wake wenyewe, mpini juu, njiti zimekanyaga jiwe la kidato cha mwisho. Nikasimama pale kwa muda, mikono mfukoni. Kisha nikageuka nikarudi kwangu, na tangu hapo mpaka Ijumaa sikuweza kukaa kitako hata dakika kumi.

Kwetu hatubishi hodi. Huku kaskazini kabisa mwa Norwei, mtu akiwa ndani unaingia tu, unavua viatu ukumbini, na ukija kumwita jina tayari umeshafika jikoni. Anayetoka ndiye anayeegemeza ufagio mlangoni, na ukiuona hugusi hata kitasa. Ni hivyo tangu enzi za bibi zetu. Nyumba iliyohamwa haiwekwi ufagio, na kisiwani petu nyumba za namna hiyo ni nyingi tangu kiwanda cha samaki kifungwe. Mapazia bado yamo, pengine na birika juu ya jiko, lakini mlango ni mtupu. Ufagio ni wa mtu atakayerudi.

Sasa, Magna alikuwemo. Harufu ya lefse, ule mkate wetu mwembamba wa siagi na sukari, ilinifikia barabarani, na mkate haujipiki. Basi ufagio ule haukuwekwa kusema kwamba mwenye nyumba hayupo. Uliwekwa kuniambia mimi, Hilmar, nipite zangu. Nadhani nilistahili, ila kustahili hakupunguzi uchungu.

Yalianzia Jumapili. Lakini kwanza mjue kwamba nimepaka nyumba za mji huu rangi kwa miaka arobaini na mmoja. Wageni hushuka melini na kamera zao, wakapiga picha zile nyumba za njano na nyekundu zilizojipanga bandarini, wakasifu weee, nami nimekaa kwenye benchi la gati nawasikiliza kimya. Njano ile ni ya mkono wangu. Jicho langu linaona tone moja la rangi lililochuruzika hata nikiwa ng'ambo ya barabara. Mjini wananitania kwamba nikienda kuzika huangalia kwanza jeneza limepakwa mara ngapi. Sikatai.

Halafu wakaja wachoraji. Miaka sita sasa, kila Julai, wanakuja kutoka mbali wakiwa na makopo yao ya rangi. Hao hawapaki, wanachora: nyangumi ukuta mzima, wanawake wanaopasua samaki, na jicho moja kubwa mno karibu na shule ambalo mimi silipendi. Tulikubaliana nao tangu mwanzo kwamba watachora nyumba zisizo na watu tu. Kwa hiyo ukuta ukipata picha, kila mtu anajua nyumba ile imekwisha.

Nyumba ya Magna ni ya njano. Nimeipaka kila baada ya miaka minne. Zamani mumewe, Torleif, ndiye aliyenishikia ngazi, na alipofariki akaishika Magna mwenyewe, akinikosoa kutoka chini. Mke wangu naye alikuwa ameshatangulia. Tukazoea kahawa ya saa tano, jikoni kwake, na jibini la kahawia juu ya mkate. Tangu baridi iliyopita nilikuwa na neno la kumwambia, na kila siku nilikuwa nalimeza.

Jumapili akaanza yeye.

"Unni kanipatia nyumba Trondheim," akasema. Unni ni binti yake. "Ya chini, haina vidato. Naondoka Ijumaa na meli ya saa kumi."

"Kutembea?"

"Kuhama, Hilmar. Goti hili haliwezi tena barafu. Na ukuta wa baharini nimewapa wachoraji."

"Ule niliupaka mwaka juzi."

"Najua. Ngazi nilishika mimi."

"Magna, wale wanachora nyumba za watu waliokwisha."

"Basi ndiyo hivyo."

"Usiniambie basi ndiyo hivyo."

"Unataka nikwambie nini, we mwanamume? Haya, sema wewe."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa lile neno. Usiende. Ni neno moja tu, hata mtoto analiweza. Badala yake nikasema, "Waambie wakuchoree na jeneza kabisa, wasije wakarudi mara mbili." Nikavaa viatu nikaondoka, kikombe nimekiacha kimejaa.

Kwa hiyo Jumatatu nilipouona ufagio sikushangaa. Nilikuja na pakiti ya kahawa mfukoni, kuomba radhi, na nikarudi nayo. Jumanne nikaenda tena saa tano. Ufagio uko palepale. Nikaona pazia la sebuleni likitikisika, nikaondoka haraka asije akadhani nimekuja kuombaomba. Jumatano nilijiambia siendi. Saa nne na nusu nikaupaka rangi mlango wa banda langu, ambao nilikuwa nimeupaka Jumanne, na saa tano kasoro dakika mbili nilikuwa nimesimama tena mbele ya ufagio ule na brashi mbichi mkononi.

Mchana sikulala, usiku sikulala, na jua letu la Julai halisaidii, maana halizami, linazunguka tu juu ya paa likikutazama. Nilitembea. Nilikwenda mpaka mnara wa taa nikarudi, nikaenda mpaka makaburini nikarudi. Upande wa baharini sikwenda, kwa sababu ukitokea gatini unauona ukuta wa Magna wote, nami sikutaka kuona wanamfanyia nini. Shakwe waliokuwa wamejenga viota kwenye kingo za maghala walinipigia kelele kila nilipopita. Alhamisi walinyamaza, nadhani walikuwa wameshanizoea.

Siku hiyo ya Alhamisi, baada ya kuukuta ufagio kwa mara ya nne, nikaingia dukani kwa Oddny kununua kitu, sikumbuki kitu gani. Oddny anaendesha duka lile tangu mama yake alipochoka, na hana siri wala haraka.

"Hilmar, baba, umetembea mpaka umekonda," akasema. "Umeshauona ukuta?"

"Sina shida nao."

"Uone. Watu wote wameuona. Kila anayetoka gatini anakuja hapa anacheka."

"Vizuri. Wacheke."

"Makubwa." Akanipangia vitu vyangu kwenye mfuko. "Hivi Magna kaenda wapi? Nilipita juzi na maua, nikakuta ufagio. Nikapita jana, ufagio. Mtu anahama kesho, hata kuagwa hataki?"

"Yumo ndani."

"Yumo?"

"Nimeona pazia."

Oddny akafikiri. "Basi hataki watu. Kila mtu ana namna yake ya kuondoka. Dada yangu alipohama alilia wiki nzima, hakutaka kuonwa."

"Si umpigie simu."

"Nimpigie mtu aliyeweka ufagio? Bora nipite dirishani."

Nilitoka pale nikiwa nimepata ahueni kidogo, Mungu anisamehe. Si mimi peke yangu niliyefungiwa mlango. Nilipofika kona ya kanisa ahueni ile ikawa imeisha. Kama amewafungia wote, basi anakwenda zake bila kumsikia mtu yeyote, na neno langu litabaki nalo mimi humu kisiwani, nikilipeleka mnara wa taa na kulirudisha.

Ijumaa niliamka mapema, na sikuweza kula. Saa saba meli ilikuwa bado iko mbali, lakini mimi nilishavaa koti. Nilisema nitakwenda gatini nikae benchi langu kama siku zote, na akipita na masanduku yake nitavua kofia, basi. Mwanamume anaweza kuvua kofia. Nikapita upande wa baharini, macho chini, nikahesabu mbao za gati, na nilipofika kwenye benchi nikainua kichwa bila kutaka.

Hawakuifuta njano yangu. Hilo nililiona kwanza. Ukuta wote ulikuwa njano ileile niliyoichanganya mwenyewe mwaka juzi, na juu yake amechorwa mtu aliyepanda ngazi, ametupa mgongo, anapaka. Kofia ya sufu iliyotoboka nyuma. Bega moja limeshuka kuliko jingine. Brashi iko mkono wa kushoto. Chini kabisa, karibu na nyasi, kuna mikono miwili tu ya mwanamke, imeshika miguu ya ngazi kwa nguvu, na mtu mwenyewe haonekani.

Nikavua kofia yangu nikaangalia lile tundu la nyuma. Nikaivaa tena.

Mchoraji alikuwa chini ya jukwaa lake la fundi anasafisha brashi. Msichana mwembamba, nywele fupi, rangi mpaka masikioni. Nilimfuata mbio kama mtu anayedai kitu.

"Nani kakwambia napaka kwa mkono wa kushoto?"

Akaniangalia, akauangalia ukuta, akaniangalia tena. "Bibi Magna. Siku nne amekaa dirishani ananielekeza. Ananiambia bega lishushe, kofia itoboe." Akasita. "Mzee, kumbe ndiye wewe? Mimi nilidhani umekufa."

"Umedhani nini?"

"Samahani. Ni kwamba kila siku saa tano anaweka vikombe viwili mezani. Ikifika saa sita anakiondoa kimoja, hakijatumika, anakiosha. Nikadhani ni mambo ya marehemu. Sikutaka kuuliza."

"Vikombe viwili, na ufagio kauweka mlangoni?"

"Ufagio upi?"

"Wa mlango wa mbele."

"Ah, ule nauweka mimi," akasema. "Nikikwangua pale ninapochora, magamba ya rangi yanapeperuka mpaka kwenye vidato vya mbele. Ni aibu, nyumba ya mtu. Tangu Jumapili, nikimaliza kazi jioni nafagia, nauacha pale mlangoni ili kesho nisisumbue. Bibi mwenyewe huku mbele hafiki, goti linamsumbua. Tunatumia mlango wa jikoni. Kwani vibaya?"

"Unatoka wapi, mwanangu?"

"Bergen."

"Na huko Bergen ufagio mnaweka wapi?"

"Kabatini," akasema.

Sikumlaumu. Mtu wa Bergen atajuaje? Nilizunguka nyumba, na sijui kama nilikimbia au nilitembea, lakini nilipofika mbele nilikuwa nahema. Ufagio ule uko palepale. Mpini juu, njiti chini.

Njiti chini. Kwa miaka thelathini Magna amenifokea kuhusu njiti. Ufagio husimamishwa njiti juu, kwa sababu ukizikanyagisha jiwe zinapinda na hazifagii tena. Kila nilipomaliza kupaka na kufagia nilisahau, na kila mara alitoka akaugeuza huku akisema mama yangu hakunifundisha. Hajapata hata siku moja kuuweka njiti chini. Nami, mwenye jicho la kuona tone la rangi ng'ambo ya barabara, nilisimama mbele ya ufagio ule siku nne na sikuona kitu ila hasira yangu.

Niliutupa majanini nikaingia, na viatu sikuvua.

Sebuleni meza ilikuwa imevutwa mpaka urefu wake wote. Keki aina saba, kama za Krismasi. Lefse zimepangwa kwenye sahani, kingo zimekauka na kujikunja. Vikombe vya kila aina, hata vile vya kuazima kutoka kanisani, na hakuna hata kimoja kilichochafuka. Magna alikaa mwisho wa meza, koti amevaa, mkoba mapajani, masanduku mawili kando yake.

"Viatu," akasema.

Nikavua.

"Umechelewa siku nne, Hilmar."

"Kulikuwa na ufagio mlangoni."

"Mlango gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nikianzia mwisho, magamba ya rangi, Bergen, kabati, lakini alinielewa. Akazitazama zile sahani.

"Oddny?" akauliza.

"Alikuja mara mbili. Na maua."

"Na wenzangu wa kwaya?"

"Nadhani wote walikuja. Mji mzima umeuheshimu ufagio."

"Nilidhani ni kwa sababu ya ukuta," akasema. "Nilidhani mmenichukia kwa kuutoa ukuta. Nikasema miaka yote hii, kumbe nilikuwa mtu wa hivi kwao." Akatoa kitambaa mkobani akajifuta macho, akaendelea kulia bila sauti, nami nikasimama na soksi zangu.

Halafu akaniuliza, "Uliutazama huo ufagio?"

"Kila siku."

"Ulikuwaje?"

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa shuleni. "Njiti chini."

"Njiti chini," akarudia. "Na hukujiuliza."

"Sikujiuliza. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa na hasira kwa sababu Jumapili nilitaka kukwambia usiende, nikakwambia mambo ya jeneza. Basi. Nimesema. Usiende, Magna. Kwangu kuna chumba cha chini, vidato nitavivunja. Barafu nitaimwagia chumvi mimi, iyeyuke."

Akakunja kitambaa mara mbili, mara nne. Saa ya ukutani ilisema saa nane na robo.

"Tiketi imekatwa," akasema. "Unni kachukua likizo kunipokea. Mtu hawezi kumfanyia mwanawe hivyo kwa sababu mwanamume mmoja kajifunza kusema Ijumaa mchana."

"Najua."

"Hujui. Leta simu."

Alimpigia Oddny, akamwambia maneno matatu tu, na Oddny alimaliza kazi iliyobaki. Baada ya robo saa viatu vilijaa ukumbini mpaka mlango haufungiki. Walikula wakiwa wamesimama. Walikula lefse kavu wakazisifu, wakachovya kwenye kahawa, wakamsukumia Magna maua mikononi mpaka hana pa kushika mkoba. Yule msichana wa Bergen aliitwa kutoka nje akaelezwa kosa lake na watu sita kwa wakati mmoja, akawa mwekundu mpaka shingoni, na Magna akamkalisha kando yake akampa keki ya lozi.

"Usimlaumu Tiril," akaniambia, kana kwamba nilikuwa nimefungua mdomo. "Yeye alifagia. Nyinyi mnaojua ndio mliopita."

Na mimi sikuweza kukaa. Kila niliposogezewa kiti nilisimama. Nilihesabu dakika, nikaenda dirishani, nikarudi. Meli ilipopiga honi nje ya bandari watu walichukua masanduku na maua wakatangulia gatini, maana Magna anashuka vidato kimoja kimoja na hapendi kutazamwa. Tukabaki wawili. Alipitia mlango wa mbele kwa mara ya kwanza wiki ile, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine begani kwangu, lile bega lililoshuka.

Alipofika chini akageuka. Nikauvuta mlango, sikufunga kwa ufunguo, kwetu hatufungi.

"Uko wapi huo ufagio?" akauliza.

Nikauokota majanini. Nilidhani anataka kunipa niwe nao nyumbani kwangu, kama watu wanavyogawa vyombo wakihama. Nilikuwa tayari kushukuru.

"Uweke," akasema.

"Niuweke wapi?"

"Hilmar. Ufagio unawekwa wapi?"

Nilipanda vile vidato nikauegemeza mlangoni. Sikuthubutu kumuuliza ni baada ya miezi mingapi, wala sikuthubutu kugeuka. Nikasikia fimbo yake ikigonga jiwe mara mbili.

"Njiti," akasema.

Nikaugeuza, njiti juu.

Sasa ni Oktoba, na upepo wa kisiwa hiki hauna mapumziko. Kila siku saa tano napita kwake. Nikiukuta ufagio umeanguka, nauinua.